Disketi ya Kuzibia Vumbi

Niliweka mfumo endeshi mpya kando ya ule wa zamani kwenye kompyuta pekee ya ofisi yetu pale Kayanga, nikaenda nyumbani nikijisifu. Asubuhi nikaiwasha. Badala ya kuniuliza nataka mfumo upi, ikaandika kwamba haioni hata mmoja. Barua zetu zote zilikuwa humo. Nikazima, nikawasha, nikamfokea mama mfagizi aache kunitimulia vumbi.

Akaonyesha tundu la disketi. "Hiyo niliichomeka mimi jana, mwanangu. Si ulisema vumbi lisiingie humo?"

Kumbe kompyuta ilikuwa ikiitafuta mifumo kwenye disketi tupu! Nikaichomoa, nikawasha. Ikaja yote miwili.

Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu nifike sijamwamkia.

"Shikamoo, mama."