Kikohozi cha Beki Mwenzangu

Vijana wa Ambanoro, hapa Nosy Be, wanajua kocha wao, yaani mimi, nina mdomo mkali. Straika akikosa bao, nanyamaza. Beki akizembea, atanisikia mpaka nyumbani kwao.

Ubeki niliujulia mtaa wa Mahabibo, kule Mahajanga, Madagaska bara, pamoja na kaka yangu. Tulikuwa wa tumbo moja, baba mbalimbali: wake Mngazija, wangu Msakalava, mwenyeji wa pwani ile. Uwanjani alisimama kushoto kwangu. Hatukuitana kwa kelele, maana kelele humzindua straika. Kaka alikohoa tu, kikohozi kifupi, kikavu, nasi tukapanda mbele kwa pamoja. Straika akabaki nyuma yetu, ameotea, anamlalamikia refa. Tulicheka sana siku hizo.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita zikaja vurugu. Wangazija waliuawa mitaani, na walionusurika wakapakiwa melini kupelekwa visiwani Komoro, hata waliozaliwa Mahabibo. Kaka alihesabiwa kwa baba yake, mimi kwa baba yangu. Mama aliyetuzaa sote hakuulizwa. Bandarini kaka alinishika shingo, akaniambia, "Usikabe peke yako, mdogo wangu."

Nilikaba peke yangu. Kila beki niliyepangwa naye nilimchukia bure. Mimi napanda, yeye anabaki nyuma, tunafungwa. Goti lilipokwisha nikahamia Nosy Be kwa wajomba, nikaanza kufundisha. Mabeki wangu nawafundisha wawili wawili, na nawafundisha kukohoa. Wapinzani hututania kwamba timu nzima ina pumu.

Kaka alikuwa akituma salamu kwamba atakuja tusimame tena uwanjani, hata kama ni wazee wawili wenye vitambi. Kila mwaka likazuka jambo. Kisha mwanawe akanipigia simu: baba yuko kitandani, hawezi kusema tena, walau nimsalimie. Akamwekea simu sikioni, nami nikasimama uani, nikamwambia kaka yangu naja, anisubiri. Halafu akakohoa, kifupi, kikavu.

Mguu wangu ulipanda mbele kabla sijafikiri. Niligeuka kushoto kumtazama, nikaona ukuta na nguo zilizoanikwa.

Alizikwa kabla sijapata safari. Nililia mbele ya watu, na sioni haya kusema. Niliporudi mazoezini, beki wangu wa kushoto alikohoa kama nilivyomfundisha, na mwenzake akapanda vizuri kabisa. Nikawaambia wote waende nyumbani.