Blogu Niliyotaka Kuifunga Ijumaa

Binti wa kaka yangu alikuja Ngao, kijijini kwetu kando ya mto, kutoka chuoni, akala ndizi za kuchemsha na samaki, akanawa mikono, akaniambia, "Shangazi, blogu zimekufa."

Alisema kwa upole, kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba. Nikamuuliza zimekufa lini. Akasema zamani tu, ni mimi sijaarifiwa. Watu sasa wako kwenye magrupu ya simu na kwenye video fupi. Halafu akanionyesha mahali ambapo blogu huhesabu wasomaji, mahali ambapo miaka yote hiyo sikupajua. Mwezi ule walikuwa kumi na mmoja. Nilifurahi mno, kumi na mmoja ni watu wengi ukiwaweka uani, mpaka aliponiuliza mimi mwenyewe huifungua mara ngapi.

Sitaki kumwonea. Alichosema kina ukweli, na yeye ana masomo, mimi niliishia darasa la nane. Hata kuianzisha hiyo blogu sikuianzisha mimi. Nilikwenda Garsen kutoa nakala ya kitambulisho, stima ikapotea, nikakaa na mama mwenye duka la kompyuta nikimpigia hadithi za mto. Stima iliporudi akasema, "Dada, wewe maneno unayo, tuyaweke mahali." Tangu siku hiyo, kila wiki napanda kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, ndipo mtandao unapofika, naandika. Maji yamefikia wapi. Mbu. Mahindi. Sijui kama huko ni kuandika au ni kupiga domo kwa kidole.

Basi tukakubaliana. Ijumaa angenisaidia kuifunga, kisha aniingize kwenye video. Nilijiona nikikata kiuno mbele ya mgomba, watu wakinitazama hadi Mombasa, nikacheka peke yangu hadi kuku wakahama.

Lakini maiti hazikwi bila kuoshwa. Nikaona ni haki kwanza niisome blogu yote, tangu mwanzo. Ndipo nilipoona nilichofanya.

Huku kwetu tunashuka mtoni kwa ngazi za udongo, tunazichonga wenyewe kwa jembe kwenye ukingo. Mimi nilikuwa naandika kimo cha maji kwa ngazi hizo, nikihesabu kutoka juu: leo maji yako ngazi ya nne, leo ngazi ya pili, tahadharini. Nilijiona mtaalamu. Sasa, kila mafuriko yakija yanazila ngazi zote, na maji yakipungua tunachonga nyingine, mahali pengine, na anayechonga ni yeyote mwenye nguvu siku hiyo. Mwaka mmoja zilikuwa ndefu hata mimi nilishuka kwa makalio. Mwaka mwingine zilikuwa fupi kama za mbuzi. Kwa hiyo ngazi ya nne ya mwaka huu na ngazi ya nne ya mwaka juzi hazijuani hata kwa salamu. Miaka yote hiyo nimeandika vipimo visivyopima kitu.

Ningelia, lakini kilichonijia ni kicheko. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Halafu aibu ikaja nyuma yake: labda kuna mtu aliniamini. Nikapanda kichuguu nikaandika, bila kujitetea, kwamba ngazi zangu ni za uongo ingawa sikukusudia, kwamba Ijumaa nafunga, na kwamba aliyepata hasara anisamehe.

Kesho yake palikuwa na maoni chini yake. Katika blogu yangu maoni ni kama mvua ya Januari. Yaliandikwa na msichana: "Mama wa Ngazi, baba amecheka mpaka chai imempalia. Anasema hizo ngazi hakuziamini hata siku moja. Anaomba mkutane Garsen siku ya soko, kabla hujafunga. Ana shauri na wewe."

Niliruka kutoka kichuguuni, mimi na magoti yangu haya. Nilikuwa na msomaji. Nilikuwa na wawili, kama baba anayesomewa naye huhesabiwa, na mimi nilimhesabu.

Nikawakuta kwenye kibanda cha chai. Baba mtu ni mfugaji wa Kiorma, rika langu, fimbo imelala mapajani. Binti anauza maziwa hapo sokoni. Kiswahili chake na changu vyote ni vya kuazima, lakini tulielewana kuliko wengi wanaokimiliki.

"Wewe ndiyo Mama ya Ngazi," akasema. "Mimi nilidhani mnene."

"Nami nilidhani wewe hupo kabisa."

Akacheka. Nikamuuliza, kama ngazi hazihesabu, anasomewa kitu gani miaka yote hiyo.

"Mimi nahesabu malalamiko yako. Ukilalamika mbu, najua maji bado imesimama, ng'ombe sileti. Ukiacha mbu, ukianza kulalamika vumbi, najua njia imekauka, tunahama kuja mtoni. Hujanikosesha bado."

Nilitaka kuwa mkweli, nikamwambia angeweza tu kumpigia mtu simu.

"Mtu ya simu anakwambia neno anataka wewe usikie. Wewe humwambii mtu. Unalalamika tu."

"Na magrupu?"

Binti ndiye aliyejibu. "Baba aliangusha simu yake ya zamani mtoni, bahati mbaya. Maneno ya grupu yote yakaenda na maji. Yako yako palepale."

Sijui nilikuwa na uso gani. Nilijiona mwepesi kama pumba, upepo kidogo tu ningefika Idsowe. Ndipo akaleta shauri lake.

"Kuna mwaka uliandika ng'ombe wamekula mahindi yako. Ukaandika mbele yao palikuwa na fahali mweupe, pembe moja imekatika. Jina langu hukuandika. Lakini fahali kama huyo, dada, ni jina."

Nilikumbuka.

"Siku ile fahali alikuwa amefungwa nyumbani, mguu mbovu. Wewe ulimwona kwa macho?"

Sikumwona. Niliona kwato tu. Habari za fahali aliniletea jirani yangu, mwenye shamba la kando, nami nikaziandika kama niliziona mwenyewe. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Fahali nimeshauza zamani," akasema. "Lakini kwako bado anakula mahindi. Kila mgeni akija, huyu msichana anamsomea."

"Baba ndiye anayeniambia nisome," binti akasema. "Anaona fahari kidogo."

"Kidogo," baba akakubali. "Lakini hakula."

Nikatoa simu, nikasema nafuta sasa hivi, mbele yake. Akaizuia kwa fimbo.

"Usifute. Ukifuta watasema nimekuhonga. Wewe andika chini yake, na mimi nisikie."

Nikaandika palepale, chai ikipoa: kwamba sikumwona fahali, kwamba mwenyewe anasema alikuwa amefungwa, kwamba nilichoona ni kwato na kwato hazina rangi. Binti akamsomea mara mbili. Akaitikia kwa kichwa, akanilipia chai, nami nikarudi nyumbani nikiimba wimbo wa kuvuna mpunga ambao si msimu wake.

Ijumaa binti wa kaka yangu aliketi kwenye mkeka na simu yangu mkononi. Alikwisha fika mahali pa kufuta. Akaniuliza, "Shangazi, nibonyeze?"

Nilikuwa sijajibu. Jirani yangu akaingia uani bila hodi, na leso imefungwa kiunoni, kwa namna ya ugomvi ambayo sisi wa mto tunaijua.

"Nimesikia umeniandika mwongo," akasema.

"Sijaandika mwongo. Nimeandika sikuona."

"Ni nani aliyeona, si mimi? Basi na mimi nina langu. Mwanangu ananisomea blogu yako tangu zamani, sijawahi kukuambia, ungevimba kichwa. Andika na langu, uliweke chini ya la huyo mwenye fahali."

"Shoga, tulikuwa tunaifunga."

"Mtafungaje na mimi sijasema?"

Haki ni haki. Nilimtazama binti wa kaka yangu, naye akanitazama, kidole bado kiko hewani. Nikamwambia anipe hiyo simu. Jirani akavuta kigoda, akajikohoza, akaanzia alfajiri ya siku ile, na uji aliokunywa.