Wimbo wa Maziko Kwenye Posa

Tulikuwa watano, na nawataja wote ili asiniongezee mtu chumvi: Mjomba Asajile mwenye fimbo na maneno, Shangazi Tumpe aliyebeba kikapu cha zawadi, jirani yetu Yohana aliyemvuta mbuzi, mbuzi mwenyewe, na mimi mwenye aibu.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano nikalima, wadogo zangu wakasoma, kwa hiyo mdogo wangu Ambokile alipopata mchumba huko milimani juu ya Mbeya, mimi ndiye niliyesimama kama baba. Baba wa binti alisema tufike Jumamosi kabla ya adhuhuri, maana kuna ukoo mwingine nao unakuja, na atakayemwona yeye kwanza ndiye atakayesikilizwa.

Njia aliijua mshenga, naye akashikwa na homa. Mjomba akasema tutafute mtu wa kule. Mimi nikasema haina haja, njia ninayo mfukoni.

Ambokile alikuwa amenieleza somo lao la shule, kwamba mstari uliopinda, ukijua kila kipande chake kimeelekea wapi, unaweza kuuchora upya bila kuuona. Basi nilipokwenda na mshenga mara ya kwanza nikajaribu: natembea nikiimba ubeti mmoja, ukiisha naangalia njia imekata vipi, nafunga fundo kwenye kamba, dogo kwa kona ndogo, kubwa kwa kona kubwa, lenye kitambaa ni kulia. (Wimbo wenyewe ulikuwa wa maziko, kwa sababu ndio pekee ninaoujua wote. Niliushika tulipowazika baba na mama, na beti zake zinalingana kama matofali.)

"Kaka, mwanzo ushike vizuri," Ambokile alinionya. "Ukianza umeelekea kwingine, umbo litakuwa lile lile, ila limegeuka lote."

Nikamwambia asinifundishe kutembea. Njia inaanzia zizini kwa Yohana, unaelekea anakotazama ng'ombe wake mwekundu, na yule ng'ombe tangu nimjue hutazama mlimani.

Jumamosi ukungu ukashuka hata mbuzi hatukumwona, tulimsikia tu. Nikampapasa ng'ombe, nikaelekea anakotazama, nikaanza kuimba. (Kwamba alizaa usiku ule na alikuwa anamtazama ndama wake, Yohana aliniambia baadaye, eti hakutaka kunikatiza wimbo.)

Tukaenda, naimba, napapasa fundo, nageuka, na wenzangu nao wakaanza kuitikia maana wimbo ni mzuri.

"Baba, njia gani hii yenye viazi?" Shangazi akauliza.

"Wamelima njiani," nikamjibu, nikaendelea na ubeti.

Fundo la mwisho likaisha sawasawa mbele ya mlango wa nyumba, nikajiona profesa. Mlango ukafunguka, bibi mmoja akatutazama, akamtazama mbuzi wetu, akausikia wimbo, akashika kichwa na kupiga yowe: "Mume wangu jamani!" Majirani wakaitikia kwa vilio kutoka kila upande wa ukungu. Kumbe mumewe alikuwa mgonjwa ndani, na bibi alidhani sisi ni watu wa kanisa, tumepata habari ya kifo kabla yake.

Mzee akatoka na blanketi lake. "Nani amekufa?"

"Nyamaza," bibi akalia, "ni wewe!"

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kamba yangu. Watu wakaja mbio, mmoja ana jembe begani tayari kuchimba kaburi, na Shangazi alipomwona akadhani ndiye mwenyeji wetu, akapiga magoti palepale. "Shikamoo baba, sisi ni wale wa posa."

Nikamtazama vizuri: kweli alikuwa ndiye baba wa binti. "Kwangu ni kule," akasema, akaonyesha ng'ambo ya bonde, ambako ukungu ulianza kuinuka.

"Lakini jua halijafika utosini," Mjomba akadakia, "na wewe tumekuona."

Baba wa binti alicheka mpaka akakalia jembe lake. Akatusikiliza uani kwa watu, katikati ya waombolezaji, na Ambokile akapata mke.

Nikaenda kumwomba radhi yule mgonjwa, nikampa kuku wa kikapuni. Akamkataa.

"Umenizika nusu," akasema. "Umeishia ubeti wa nne, na wimbo ule una saba. Siku yangu ikifika kweli, uje unimalizie. Na uje kwa njia, usipite kwenye viazi vyangu."

Niliapa sitamfuata ng'ombe tena, hata wa mfalme. Lakini kila mavuno yule mzee hutuma salamu kwamba mdaiwa wake aambiwe kuwa yeye bado yupo, anakula vizuri. Beti tatu ninazo, sijalipa, na namwomba Mungu nikae nazo sana.