Mama Mshono

Pale maabara walimwita Mama Mshono, na mwenyewe alilijua jina hilo wala hakulichukia. Hakuweza kuongea na mtu bila kumshika mkono wa shati na kuuvuta mshono wake taratibu, kana kwamba anaupima. Ndiyo kazi iliyommaliza macho: kuchungulia kwenye hadubini pale seli mbili zinapokutana, aone zinashikanaje hata mwili usimwagike kama maji. Alisema zimeshikana kama mabati yaliyopigiliwa misumari, na picha ya misumari hiyo, ile iliyomjengea jina, ilitundikwa juu ya stuli yake ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuikalia.

Kwa hiyo mwanafunzi wake wa uzamivu, binti mmoja, alipomletea video ya seli hai, aliiwasha kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni. Mama Mshono akaitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena huku akivuta mshono wa koti lake mwenyewe mpaka uzi ukachomoza. Ile misumari yake kati ya seli na seli ilikuwa ikiachia na kushika, ikiachia na kushika, bila kupumzika.

“Umerudia jaribio?”

“Mpaka nimechoka, mama. Samahani.”

“Samahani ya nini?” Kile kicheko chake cha kukwaruza kikajaa chumba. “Mimi nilizipiga picha seli zikiwa zimekufa, mwanangu. Wewe umezikuta zinafanya kazi.”

Akaitungua picha ukutani. Kisha akamshika binti mkono wa koti, safari hii bila kupima chochote, akamkalisha kwenye ile stuli.

“Haya,” akasema, “nifundishe.”