Ngozi Niliyoifua

Kwenye chuo ninachofundisha hapa Garissa kuna somo moja ambalo wanafunzi hulichukia. Linahusu jinsi ujumbe unavyoingia ndani ya seli ilhali mjumbe mwenyewe haruhusiwi kupita mlangoni. Homoni hugota nje, kwenye kipokezi kilichochomoza juu ya utando. Upande wa ndani, protini G huamka na kukiendea kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi C, nacho hukata mafuta ya utando ule ule. Kipande kidogo kinachokatika hukimbilia ghala la kalsiamu na kulifungua. Kalsiamu ikimwagika, seli hufanya kazi iliyotumwa, kisha protini G hujizima yenyewe. Mimi nalipenda somo hili, ingawa nililielewa kwa aibu.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nimerudi likizo nyumbani Ijara. Mama alikuwa akiumwa tumbo tangu kiangazi kianze, na kila alichokula alikitapika, isipokuwa maziwa ya ngamia. Ngamia wa maziwa alikuwa amebaki mmoja tu, na ndama wake akafa akiwa na wiki mbili. Nilimbeba mabegani kutoka malishoni. Adeer, mdogo wake baba, akamchuna na kuitandaza ngozi juu ya ua wa miiba.

Mgeni hawezi kujua ngozi ile ni ya nini. Ngamia hashushi maziwa bila ndama. Ndama akifa, mkamuaji humletea ngozi yake ainuse, na maziwa hushuka kana kwamba mwanawe yupo. Hayo niliyajua tangu utotoni. Chuoni nilikuwa nimeongezewa kwamba kinachoyashusha ni homoni ya oksitosini, na kwamba nayo hupita njia ile ile ya protini G na fosfolipesi, hadi misuli midogo ya kiwele ijikaze. Nilijiona nina majibu yote.

Ngozi ilinuka. Nzi walitoka juu yake wakatua kwenye chombo cha maziwa, na mgonjwa wetu alikuwa mgonjwa wa tumbo. Nikajitia kimbelembele. Nilichukua mtungi wangu wa maji, niliogawiwa kwa kuoga na kufulia, na sabuni ya unga, nikaifua ngozi hadi ikanukia kama shuka la hoteli.

Asubuhi adeer aliipeleka. Ngamia aliinusa, akageuza shingo, akaendelea kucheua. Adeer alivuta chuchu mpaka vidole vikamchoka, yakatoka matone. Akaileta ngozi puani mwake mwenyewe.

"Nani ameosha hii?"

"Ni mimi, adeer."

"Wallahi, huko chuo mnafundishwa kufua?"

Jioni ilikuwa vilevile, na siku ya pili pia. Mama alipewa uji akautapika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote, kwa sababu kiwele kisichokamuliwa hukauka, na sisi hatukuwa na kingine.

Nilikwenda kumwambia mama mwenyewe. Alikuwa amelala ubavu mkekani, akanisikiliza hadi mwisho.

"Ile shati ulibebea ndama, hooyo, nayo umefua?" Kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye.

Sikuwa nimelifua. Maji yote yalikuwa yameishia kwenye ngozi. Shati lilikuwa chini ya begi langu, limekakamaa.

"Basi vaa. Simama pale kichwani kwa ngamia."

Nikavaa. Ngamia alininusa bega, akashusha pumzi ndefu, akaanza kuniramba shingo. Upande wa pili nikasikia maziwa yakigonga chombo. Adeer akaendelea kukamua. Baadaye nilisoma kwamba hata puani harufu hupokewa na vipokezi vyenye protini G nyuma yake, kwa hiyo mlango wa kwanza kabisa nilikuwa nimeufunga mimi kwa sabuni. Nililivaa shati lile asubuhi na jioni hadi likizo ikaisha, kisha adeer akalirithi. Mama alikunywa, akapata nguvu za kukaa, halafu za kutembea, akaishi miaka sita zaidi.

Wanafunzi huniuliza ilikuwaje ngamia akadanganywa na shati. Mimi huwajibu kwamba sina hakika alidanganywa. Huenda alijua vizuri kwamba mwanawe amekufa, na maziwa yakashuka hata hivyo.

Mtandio wa mama uko sandukuni mwangu. Nguo zake nyingine zilitolewa sadaka juma lile lile tulipomzika. Dada yangu hunipigia simu kutoka Ijara kuniuliza kama nimeshaufua huo uliobaki, apewe mtu autumie. Mimi humwambia huku Garissa hakuna maji.