Kwa Nini Dada Sofia Aliniita Dubai

Dada yangu Sofia hajawahi kupenda michezo. Shuleni Mwanza, kipindi cha mbio kikifika, alijifanya mgonjwa. Kwa hiyo aliponiandikia kutoka Dubai, anakofanya kazi ya ulinzi kwa mwaka wa saba sasa, kwamba ametuandikisha sote wawili mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, nilijua kuna jambo. Mimi nafundisha kuogelea. Yeye mara ya mwisho kuingia ziwani tulikuwa watoto. Nilikubali ili nikajue anaficha nini.

Saa nne asubuhi alinipokea uwanja wa ndege. Alikuwa amekonda, amekaza misuli. Kwenye ngazi za metro alinishika kiwiko kwa nguvu.

"Hapa watu ni wengi," alisema. Ngazi zilikuwa tupu.

Katika mtaa wa Al Qusais anapanga chumba na Akinyi, Mkenya anayefanya usafi hotelini. Nilipoingia, mazungumzo yao yalikatika. Baadaye nikamuuliza Akinyi kama dada ana mwanamume.

"Mwanaume? Zii, hakuna," alisema, akiendelea kukunja nguo. "Muulize dadako mwenyewe. Mimi siko hapo."

Wiki ya kwanza tulikimbia kila asubuhi kwenye barabara ya maghala, kabla jua halijawa kali. Hakukubali kutangulia hata mara moja. Kwenye baiskeli vilevile: mimi mbele, tena nivae fulana ya njano aliyoninunulia yeye. Alhamisi alisema anakwenda dukani, lakini nilimwona akipanda basi la kwenda mtaa wa Al Baraha. Alirudi mchana na miwani ya jua, akabaki nayo hata ndani ya chumba. Alipoivua, macho yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa unalia, dada?"

"Vumbi tu."

Alipoingia kuoga nikafungua mkoba wake. Sijatoa kitu, nikasikia maji yamefungwa. Nikaurudisha mahali pake.

Wiki ya pili tuliingia baharini. Tulikubaliana kuzunguka boya la tatu, kisha turudi. Nililizunguka, nikageuka kumtazama. Hakuwepo. Alikuwa amepitiliza, anaogelea moja kwa moja kuelekea njia ya pikipiki za maji. Nilipiga kelele. Alisimama, akainua kichwa, akatazama upande ambao sikuwepo. Pikipiki moja ikapita karibu naye, wimbi likamfunika. Nilipomfikia na kumshika mkono, alinirukia shingoni, karibu tuzame wote.

Mchangani alikaa muda mrefu akihema.

"Sikuliona boya, Neema. Pembeni pamefunga. Naona katikati tu, kama anayechungulia tundu la ufunguo. Daktari wa Al Baraha, aliyenitia dawa ya macho ile Alhamisi, anasema patazidi kufunga."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na umeniingiza baharini bila kuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja? Ungemwambia mama, mama angesema nirudi. Na kazini wakijua kuwa mlinzi haoni, khalas, kazi imekwisha." Alijifuta uso. "Nilitaka nifanye kitu kimoja kikubwa wakati bado naona. Sikuwa na mwingine wa kumwamini majini."

Nilikuwa na hasira, na nilimwonyesha. Nikamwambia sitagusa maji tena mpaka awaambie waandaaji na msimamizi wake. Siku mbili hatukusemezana. Ya tatu alivaa sare yake, akaenda. Waandaaji walituruhusu tuogelee tumefungana kamba pajani na tutumie baiskeli ya watu wawili. Msimamizi alimwondoa langoni siku ileile. Mkataba ukiisha, hautaongezwa.

Siku ya mashindano tulitoka majini karibu wa mwisho. Kwenye kukimbia tulishika kamba fupi, kila mmoja ncha yake, nami nikimwambia: kona, kidaraja, maji upande wa kulia. Aliniuliza mara mbili kama watu wanatutazama. Nikamwambia ndiyo. Tulipovuka mstari alikaa chini palepale akalia kwa sauti, na Akinyi, aliyeomba ruhusa kazini, akalia naye.

Nilirudi Mwanza siku tatu baadaye. Ndani ya ndege nilihesabu maovu niliyokuwa nimemdhania: mwanamume, wizi, hata biashara haramu. Woga sikuudhania. Nilimchunguza dada yangu kama polisi, na siku zote zile sikuwahi kukaa naye nikamuuliza, unaumwa?

Tulipoagana uwanja wa ndege alikuwa ameniomba nisimame bila kutikisika. Alianza kunitazama paji la uso, akashuka kwenye macho, pua, mdomo, kidevu, sehemu moja baada ya nyingine. Abiria walikuwa wakitupita na mizigo yao. Nilisimama mpaka alipomaliza.