Wimbo Uliovusha Mahujaji

Mafuriko ya miaka ya hamsini yaliwahi kuligeuza kanisa letu karibu na Mofu kuwa kisiwa. Asubuhi moja ya Mei, mwezi wa Maria, tulisimama ukingoni kuwapokea mahujaji kutoka Mahenge. Ukungu ulifunika maji, lakini wimbo wao ulisikika wazi, nasi tukanyamaza kuusikiliza.

Mitumbwi ilipofika, nilimwamkia mama mmoja.

"Marahaba, mwanangu," akanishika mikono. "Asanteni kwa kutuimbia. Tulipotea katikati ya viboko, tukaifuata sauti yenu."

"Mama, sisi hatukuimba. Tuliwasikia ninyi."

Aliniachia mikono taratibu. "Sisi tulikatazwa hata kukohoa, viboko wasitusikie."

Katekista wetu, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisema wali unapoa. Tulikula wote tumeyaelekea maji.